Acheni Kuniomba Kipimo cha Damu

"Dokta, mimi nipime damu tu. Kinyama sitaki."

Maneno haya ya kukataa kutolewa kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa, nimeyasikia Mombo, nimeyasikia Handeni, na juzi Kwashemshi niliyasikia mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Aliyenikatisha tamaa zaidi ni mama mmoja anayeanika singa kwenye shamba la mkonge. Uvimbe wa titi la kushoto alikuwa ameufunika kwa kanga miezi minane. Binti yake alinionyesha tangazo kwenye simu: toa damu, ujue kama una kansa ya titi. Nimechoka kulijibu swali hili mtu mmoja mmoja, mlangoni, huku foleni ikisubiri. Nalijibu hapa mara moja.

Chanzo chake nakijua. Wilaya yetu ya Korogwe imezoea kutoa damu. Maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) iko hapa hapa, na jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza mwaka 2009 lilikuwa na kituo chake Korogwe. Mzazi wa huku anajua kwamba mtoto akichomwa kidole na tone likawekwa kwenye kipimo, baada ya robo saa jibu lipo. Lakini kimelea cha malaria kinaishi ndani ya damu, ndiyo maana damu inakisema. Saratani ya titi inaanzia kwenye titi, na habari zake ziko huko.

Basi maabara za mjini zinauza nini? Mara nyingi ni kipimo cha protini iitwayo CA 15-3. Saratani ikiwa changa, kipimo hicho mara nyingi husoma kawaida, na mtu mwenye ugonjwa wa ini anaweza kusoma juu bila kuwa na saratani yoyote. Kazi yake ni kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana. Hakimgundui mtu.

Kuna damu nyingine ambayo kweli inapima jeni. Mwaka 1990 mwanasayansi Mary-Claire King alionyesha mahali pa jeni ya kurithi ya saratani ya titi kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na BRCA2 ikafuata mwaka 1995. Mwanamke aliyerithi hitilafu katika mojawapo ana uwezekano wa takriban 70 katika 100 wa kupata saratani ya titi hadi afikapo miaka 80. Hilo ni jambo zito. Ila saratani zinazotokana na urithi wa namna hiyo ni 5 hadi 10 tu katika kila 100. Damu yako inaweza kuwa safi kwa BRCA, na uvimbe ulioushika ukawa saratani.

Kinachotuambia ugonjwa ni upi, una ukali gani na dawa ipi itaufaa ni kinyama chenyewe. Tunakipima mambo matatu: vipokezi vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na HER2, jeni ambayo katika saratani 15 hadi 20 kati ya 100 hujirudufu kupita kiasi na kuufanya uvimbe ukue kwa kasi. Mtu wa mkonge atanielewa upesi. Daraja la singa hulijui kwa kulitazama jani lililosimama shambani. Mpaka lipite mashine ya korona, lioshwe, lianikwe, ndipo utakapoliona.

Sasa nifike kwenye hofu yenyewe, maana damu ni kisingizio tu. Watu wanasema uvimbe ukichokozwa na chuma unachachamaa na kutawanyika mwilini. Kila kijiji kina ushahidi wake: "Shangazi alikaa na uvimbe wake miaka miwili bila shida. Walipomkata kinyama tu, miezi mitano hayupo."

Tumtazame shangazi huyo vizuri. Uvimbe ukifikia sentimita 1 tayari una seli mamia ya mamilioni, na seli hizo haziombi ruhusa ya sindano kuingia kwenye mishipa. Katika miaka ile miwili zilihamia kwapani, pengine na kwenye ini na mifupa. Tathmini ya huduma za saratani ya titi nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba karibu wagonjwa 80 katika 100 hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Sindano iliukuta ugonjwa umeshasafiri. Familia ikakumbuka tukio la mwisho, ikalipa lawama ya miaka miwili. Na wanawake waliotolewa kinyama mapema wakapona hawahesabiwi na mtu, kwa sababu walirudi mashambani na hawatangazi habari za matiti yao.

Hofu hii iliwahi kuwa ya madaktari pia. Marekani, hadi miaka ya 1970, mwanamke alilazwa usingizi, kinyama kikatolewa na kusomwa papo hapo, na kikiwa kibaya aliamka titi halipo. Wengi waliamini kwamba kuuacha uvimbe ulioguswa hata siku chache ni hatari. Mwandishi wa habari Rose Kushner alipougua mwaka 1974 aliukataa utaratibu huo na kuupinga hadharani. Mwaka 1979 mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za huko ukashauri hatua hizo mbili zitenganishwe. Tangu hapo mamilioni ya wanawake wametolewa kinyama, wakasubiri majibu, kisha wakatibiwa. Kama sindano ingekuwa inasambaza saratani, vifo vingepanda. Marekani kiwango cha vifo vya saratani ya titi kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 40 tangu mwaka 1989.

Je, sindano haisogezi seli hata moja? Inasogeza, na sitawaficha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulizikuta seli kwenye njia ya sindano kwa karibu mgonjwa mmoja katika kila watatu. Lakini kadiri siku zilivyopita kati ya sindano na upasuaji, ndivyo zilivyokutwa kwa wachache zaidi. Maana yake nyingi zinafia hapo hapo. Kusukumwa kando hakuzipi uwezo wa kuishi, kujenga makao na kuteka kiungo kingine.

Halafu yuko mganga anayekwambia chuma kinachokoza kansa, kisha yeye mwenyewe anachukua wembe, anakuchanja chale kuzunguka titi na kuzipaka unga mweusi. Wembe wake ni wa mti? Nimepokea akina mama wenye chale na vidonda vilivyooza, ambao mwaka mmoja nyuma wangetibika. Hili linaniuma, na sitalisema kwa upole.

Ya kufanya ni haya. Uvimbe wowote mpya kwenye titi au kwapa, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, ngozi iliyojikunja kama ganda la chungwa: nenda zahanati wiki hiyo hiyo, uombe rufaa ya hospitali ya Magunga au Bombo, na ikibidi Muhimbili, KCMC au Ocean Road. Wanaume pia. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, zihesabu. Omba sindano nene inayotoa kipande. Wauguzi, kiwekeni kinyama kwenye formalini mara moja, si kwenye maji ya chumvi. Nimeshapokea sampuli zilizoharibika hivyo. Majibu yataje vipokezi vyote viwili na HER2. Vipokezi vya homoni vikiwepo, kuna tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi. HER2 ikiwa 3+, uliza trastuzumabu; ikiwa 2+, kipimo cha pili kinahitajika. Vyote vitatu visipokuwepo, tibakemikali ndiyo nguzo, na usicheleweshe. Vipimo vya jeni nyingi kwa pamoja vinavyokadiria kama ugonjwa utarudi vipo duniani, ni ghali sana, na kukosa hivyo hakukuzuii kuanza dawa. Habari za ukoo zitajeni za pande zote mbili: jina la ukoo la She- unalipata kwa baba, na BRCA yenye hitilafu unaweza kuipata kwake pia, hata kama yeye hakuugua.

Yule mama wa singa alikubali mwishowe. Sindano ilichukua muda mfupi kuliko mabishano yetu, na kinyama chake kiko njiani kwenda maabara. Ninachoomba ni kwamba atakayekuja baada yake asiniletee miezi minane.