Mwanamke na Sheria (2): Aliyeachwa Apata, Aliyefiwa Akosa

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi haki za wanawake zilivyoingia katika sheria za Tanzania. Leo tuzipime kwa rika, maana sheria haikumwendea binti, mke na mjane kwa mwendo mmoja.

Mke ndiye aliyetangulia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu kumiliki mali kwa jina lake, na kifungu cha 66 kikamkataza mwanandoa kumpiga mwenzake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwani mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fungu lake, na yeye Bi Hawa akalitapanya. Hata hivyo, wanawake wengi walioachika baada yake wamegawiwa nyumba na mashamba kwa msingi wa hukumu hiyo. Mwaka 1999 sheria za ardhi nazo zikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na zikataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7 liwe na wanawake wasiopungua 3.

Binti hakubahatika hivyo. Sheria hiyohiyo ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa atimize 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 vifungu hivyo vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba, Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa mwaka 2019, lakini hata baada ya hapo marekebisho hayakuharakishwa. Kwa upande wa elimu, mwaka 2021 Serikali iliondoa zuio lililomfungia mlango wa shule msichana aliyejifungua.

Mjane ndiye aliyesahaulika zaidi. Familia zinazofuata mila za upande wa baba bado huongozwa na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963. Kwa kanuni zake, mume akiacha ndugu wa ukoo, mjane hana fungu katika urithi. Atatunzwa na watoto wake. Hapo ndipo penye kichekesho kichungu. Mwanamke aliyelima shamba kwa miaka 30 akiachwa, mahakama itahesabu jasho lake. Mume akifa wakiwa wanapendana, jasho lilelile halihesabiwi.

Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga mila hiyo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ni ya kibaguzi, lakini ikasita kuibatilisha. Rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya nyaraka. Wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka haki zao.

Mahali pengi mambo huamuliwa kabla hayajafika mbali hivyo. Baada ya arobaini, wanaukoo huketi, humteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mara nyingi shemeji huongoza kikao na mjane yuko jikoni akiwapikia wageni. Sahihi yake iwepo isiwepo, hakimu afunguapo jalada hukuta jina la msimamizi limekwisha andikwa, na asiyejua kwamba ana haki ya kuweka pingamizi hunyamaza.

Kurekebisha Tamko la 1963 ni kazi ya Serikali na Bunge, na haina sababu ya kungoja kesi nyingine. Wakati huohuo wanandoa wanaweza kuandika wosia na kuandikisha hati ya kiwanja kwa majina mawili. Familia inayokubali kwamba mke alichuma haina hoja ya kukana kwamba mjane alichuma: ni mtu yuleyule.

Sehemu ijayo itaeleza namna ya kuweka pingamizi la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo.