Kuvuka Horohoro peke yako

Sisi watu wa Jego tumezaliwa na mpaka. Tanzania iko karibu nasi kuliko Msambweni, na wengi wetu tuna shangazi, mjomba au binamu upande wa pili. Kwa hivyo nikisema nimesafiri nje ya nchi, najua wapo watakaocheka: Tanga nayo ni safari? Lakini nilitimiza miaka 41 kabla sijavuka peke yangu hata mara moja. Siku zote nilikuwa na marehemu baba, au kaka zangu, au msafara wa harusi. Wengine waliuliza njia, wengine walilipa nauli. Mimi nilifuata tu.

Kwanza yale ya lazima. Mkenya anayeingia Tanzania kihalali anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho peke yake hakitoshi. Lungalunga na Horohoro siku hizi ni kituo cha pamoja, kwa hivyo mihuri ya kutoka na ya kuingia inagongwa katika jengo moja. Jua hesabu ya pesa mapema: elfu moja yetu inapata zaidi ya elfu 15 zao, na mgeni anayehesabu manoti huku ameduwaa hutambulika mara moja. La mwisho, andika nambari za simu kwenye karatasi. Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Nilifika stendi ya Kange jua linazama. Simu ilikuwa imezima, na nambari ya shangazi ilikuwa humo humo ndani. Nilichokumbuka ni kwamba anakaa Ngamiani, ambako barabara nyingi huitwa kwa nambari. Nambari yenyewe ilikuwa imenitoka. Jego ningetaja jina la baba tu, na mtoto yeyote angenipeleka. Pale Kange jina la baba halikumjuza mtu chochote, wala diploma yangu haikunisaidia kitu.

Nikapanda daladala hadi Ngamiani, nikaingia msikitini. Baada ya Isha watu wakatoka, mimi nikabaki nimekaa. Mzee mmoja akanigeukia: "Mwanangu, mbona huondoki? Umetoka wapi?"

"Nimetoka Jego, mzee wangu. Nimepotea."

Neno hilo lilinitoka kwa shida. Mtu mzima, baba wa watoto, kusema amepotea! Mzee akawauliza waliobaki barazani, huyu akamtaja yule, na kabla ya saa nne nilikuwa mlangoni kwa shangazi.

Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, bila mwenziwe wa safari. Alipofika Tunis, watu walitoka kuwapokea wenzao kwa salamu, naye hakusalimiwa na yeyote kwa kuwa hakuna aliyemjua. Alilia, mpaka msafiri mmoja alipomwona akaja kumliwaza. Mtu aliyekuja kuizunguka dunia alianza kwa kulia kwa upweke.

Ndiyo maana nasema safari ya peke yako inafunza. Nyumbani tunabebwa na majina ya wazee wetu bila kujua. Ukiwa peke yako ugenini unabaki na adabu yako, ulimi wako na ujasiri wa kuomba msaada. Ukirudi, unamtazama mgeni kwa jicho jingine.

Mimi nilirudi nikawafikiria Wapemba wa pwani yetu ya kusini. Tumevua nao na kuswali nao miaka mingi, lakini Serikali iliwatambua rasmi kuwa jamii ya Kenya Januari 2023 tu. Kabla ya hapo wengi hawakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna pasipoti. Upweke nilioonja mimi usiku mmoja, wao waliishi nao hapa hapa kwetu, na wengi wetu hatukuwahi kuwauliza lolote.

Kijana wa Jego, ukipata nafasi, vuka mara moja peke yako, kihalali. Na hata usipovuka, ukimwona mtu amebaki msikitini baada ya Isha, muulize ametoka wapi.