Shule ya Kimataifa: Uliza Kuhusu Cheti Kabla ya Kulipa Ada

Mlaji akinunua jokofu bovu, anaweza kulirudisha dukani. Elimu hairudishwi. Kijana akigundua baada ya mtihani wa mwisho kwamba cheti chake hakimfikishi chuoni alikokusudia, ada imekwisha na miaka imepita. Kwa familia ya Kilwa au Lindi inayolipa ada kwa mauzo ya ufuta, korosho au samaki, hasara hiyo ni nzito. Makala hii inaeleza mambo ambayo mzazi au mlezi anapaswa kuyathibitisha mapema.

Neno “kimataifa” si ithibati

Shule nyingi zinazoitwa za kimataifa hufuata mitaala ya nje, kama ule wa Cambridge wa Uingereza, au International Baccalaureate, ulioanzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Nchini Tanzania shule za aina hii si ngeni: International School of Tanganyika ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963. Hata hivyo, zipo shule zinazotumia neno hilo huku zikifundisha mtaala wa Taifa kwa Kiingereza. Jina la kwenye kibao halitoshi. Uliza mambo mawili: namba ya usajili wa shule, na jina la chombo kitakachotoa cheti cha mwisho.

Cheti cha nje hulinganishwa

Mwenye cheti cha sekondari cha nje anayetaka kujiunga na chuo nchini hupeleka cheti hicho Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ambalo hukilinganisha na kidato cha nne au cha sita. Shahada za nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Mifumo hutofautiana hata kwa majirani. Uganda, kama Tanzania, ina kidato cha tano na cha sita. Mfumo wa 8-4-4 wa Kenya, ulioanza mwaka 1985, hauna vidato hivyo; mwanafunzi hufanya mtihani wa kuingilia chuo kikuu akiwa kidato cha nne. Kwa hiyo, kabla ya kumvusha mtoto mpaka, waulize NECTA cheti atakachopata kitalinganishwa na kiwango gani hapa nyumbani. Jibu la wakala anayetafuta wanafunzi si mbadala wa jibu la Baraza.

Lugha, dini na desturi

Pwani ya Kilwa imepokea wageni kwa karne nyingi. Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Mtoto kusoma na wenzake wa mataifa mengine ni faida, mradi asipoteze alichotoka nacho. Uliza kama Kiswahili kinafundishwa kama somo na kutahiniwa. Cambridge ina mtihani wa Kiswahili katika ngazi ya IGCSE. Kwa shule ya bweni, uliza kuhusu chakula, nafasi ya ibada, na utaratibu wa mwezi wa Ramadhani na sikukuu.

Ada na mkataba

Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kulipa bei ya huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa waliosamehewa. Ukitajiwa ada kwa dola, omba ufafanuzi. Kabla ya kulipa, pata kwa maandishi:

1. Ada yote ya mwaka, pamoja na ada ya mtihani, bweni, sare na usafiri;
2. Utaratibu wa kuongeza ada;
3. Kiasi kitakachorejeshwa mtoto akihama au kuugua;
4. Jina la cheti na la chombo kinachokitoa.

Tunza risiti, barua na matangazo ya shule. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangazo lililohifadhiwa ni ushahidi wa ahadi uliyopewa. Shule inayojiamini haitasita kuyajibu maswali haya. Inayokwepa, usiilipe mpaka ijibu.