Kicheko kilikuwa chetu, mkataba ulikuwa wa nani?

Filamu haibebwi na nyota peke yake. Yupo pia baba mkwe mbahili, mganga mwongo, mzee anayependa vya bure. Watu hao wakiondolewa, hadithi hupooza.

Kwa Tanzania, bingwa wa nafasi hizo alikuwa Amri Athumani, tuliyemwita King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kuigiza akiwa bado mtoto, mwaka 1958. Alitoka jukwaani, akaingia kwenye kanda za video, kisha televisheni na matangazo ya biashara. Kuanzia Tanga hadi vibanda vya video vya huku Karagwe, sura yake ilitosha kuchekesha kabla hajatamka neno.

Alifariki dunia Agosti 8, 2018, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Miezi michache kabla, akiwa mgonjwa, watu walianza kuuliza: mtu aliyeuza bidhaa nyingi kwa sura yake, mbona anahitaji msaada wa matibabu? Waziri wa Habari wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii.

Kiini cha tatizo ni hiki. Mwigizaji wa kwetu mara nyingi hulipwa mara moja, siku ya kurekodi. Filamu au tangazo likirushwa miaka kumi, yeye hapati kitu zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, lakini sheria haimsaidii sana aliyekwisha kutia saini karatasi inayouza kila kitu.

Wenzetu wa Marekani walipitia njia hiyo. Mwaka 1960 waigizaji wa filamu waligoma, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais. Walipata malipo ya filamu zinazorudiwa kwenye televisheni, pamoja na mfuko wa pensheni na afya. Walionufaika si nyota tu, bali na wale wa nafasi ndogo ndogo.

Kwa hiyo, kijana wa Chonyonyo au wa Dar es Salaam unayeota kuigiza, kabla ya kushika kalamu uliza: kazi hii itatumika muda gani? Wapi? Ikirudiwa, nitalipwa nini? Usipojibiwa, usitie saini.