Masahihisho kwa mwanafunzi asiyeonekana

Katika kozi ya lugha ya mtandaoni, kazi kubwa ya mwalimu hufanyika kwa maandishi: mwanafunzi hutuma insha, nayo hurudi na masahihisho. Utaratibu huu ni mkongwe kuliko intaneti. Tangu mwaka 1840 Isaac Pitman alifundisha hati mkato nchini Uingereza kwa posta, wanafunzi wakimtumia mazoezi, naye akiyasahihisha na kuyarudisha.

Kosa lenyewe si gumu kulitambua. Kinachohitaji mwalimu ni kujua limetoka wapi. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiandika "Naamka saa saba asubuhi", sarufi haina dosari. Ila anahesabu kuanzia usiku wa manane, na hajaambiwa kwamba jua likishachomoza Waswahili huanza na saa moja. Mwingine ataandika "kitabu yangu", "kiti yangu", "chakula yangu". Hayo si makosa matatu, ni moja. Mwalimu anayekata kila neno na kuandika "changu" amemfanyia mwanafunzi kazi yake, anayeuliza "Nomino hizi tatu ni za ngeli gani?" amemwachia la kufikiria.

Wataalamu wamebishana sana juu ya faida ya haya yote. Mwaka 1996 John Truscott alidai kuwa kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii, na hata kunadhuru. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba kuna masahihisho mazuri na mabaya, hivyo yasihukumiwe pamoja. Ferris ana hoja, ingawa ukurasa uliojaa wino mwekundu humpa Truscott ushahidi. Alama nazo zina lawama yake: katika utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988, wanafunzi waliopewa maoni pekee walifanya vizuri kuliko waliopewa maoni pamoja na alama.

Maandishi hayana sauti wala tabasamu. "Rudia", ambalo darasani hutamkwa kwa upole, kwenye skrini husomeka kama karipio. Aliyeandika juu ya msiba wa bibi yake hupewa pole kwanza, viambishi baadaye. Makosa mawili au matatu yanatosha kwa insha moja, na mwalimu huyaweka kwenye kumbukumbu ya mwanafunzi huyo ili ayatafute katika insha inayofuata.