Walikufa au hawakufa? Mjadala wa ‘Lost’ uliotukesha Kabanga

STERINGI hafi. Hiyo ndiyo sheria tuliyokua nayo kwenye vibanda vya video katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara. Ndiyo maana usiku mmoja wa mwaka 2011, tulipomwona Jack amelala chali katikati ya mianzi, damu inamtoka ubavuni na mbwa amejilaza kando yake, kisha jicho likafumba, dereva mmoja wa Fuso alisimama akasema diski ni mbovu.

Diski ilikuwa nzima. Huo ndio mwisho wa tamthilia ya Lost, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani Septemba 22, 2004 na kumalizika Mei 23, 2010, baada ya sizoni sita.

Tulikuwa watu tisa kwenye gesti moja pale Kabanga, upande wa Tanzania, tukisubiri karatasi za mizigo zikamilike tuvuke Kobero kuingia Burundi. Karatasi zilikuwa zimekwama tangu juzi yake. Wengi wetu tulikuwa warejea, tuliorudi nyumbani Burundi kisha tukaanza kuifuata tena njia ile ile kwa biashara. Mwenye gesti alikuwa na deki, mimi nilikuwa na diski.

Kwa asiyeijua, ndege ya Oceanic namba 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika vipande angani na kuangukia kisiwa kisichoonekana kwenye ramani. (Picha zenyewe zilipigwa Oahu, Hawaii.) Kisiwani kuna moshi mweusi unaoua watu na kiwete anayesimama akatembea. Sizoni ya sita inaleta maisha mengine ambamo ndege haikuanguka kabisa. Mwishoni watu wa maisha hayo wanakutana kanisani, na Jack anaambiwa na marehemu baba yake kwamba wote waliomo humo wameshakufa.

Hapo ndipo vita ilipoanza.

Dereva alishikilia kwamba walikufa wote siku ya kwanza, ndege ilipoanguka, na mengine yote ni ndoto ya maiti. Alikuwa na ushahidi. Diski yetu ilinakiliwa kutoka kwenye televisheni, na majina ya waigizaji yalipokuwa yakipita yalionekana mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu hata mmoja. “Mnaona? Hakupona mtu. Wametula sizoni sita bure!”

Nilimpinga usiku ule bila ushahidi. Leo ninao. ABC yenyewe ilieleza mwaka ule ule wa 2010 kwamba picha zile hazikuwa sehemu ya hadithi. Ziliwekwa ili mtazamaji apumue kidogo kabla ya kipindi kinachofuata. Waandishi wakuu, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walirudia mwaka 2014 kwamba watu wale hawakuwa wamekufa muda wote. Na baba yake Jack analisema waziwazi kanisani: yaliyotokea yalitokea kweli, kila mtu alikufa kwa wakati wake, wengine kabla ya Jack na wengine baada yake sana. Dereva hakusikiliza sehemu hiyo. Alikuwa anatafuta kiberiti.

Sisi wafanyabiashara tulikuwa na swali letu. Katika sizoni ya pili chakula kinadondoshwa kisiwani kwa miavuli, makopo na magunia yenye nembo ya kampuni ya Dharma. Lakini watu wa Dharma walikwisha uawa miaka mingi kabla ya ndege kuanguka. Sasa nani aliagiza? Nani alilipia usafiri? Mzigo usio na mwenyewe unapitaje? Mzee mmoja muuza vitenge alicheka mpaka akakohoa, akasema kama kuna mpaka wa namna hiyo aonyeshwe ulipo.

Jibu lipo, ila halikuwamo kwenye diski yetu. Agosti 2010 zilipouzwa DVD halali kiliongezwa kipande cha dakika kama 12. Ben anakwenda kwenye ghala huko Guam na kuwakuta wafanyakazi wawili bado wanafunga mizigo, kwa sababu mashine inaendelea kutoa maagizo na wao hawajawahi kuuliza yanatoka kwa nani. Nilipokiona nilimkumbuka mzee wa vitenge. Asingeona ajabu, wako wengi wanaofanya kazi hivyo.

Kuhusu Sayid hatukupatana hata kidogo. Mwanaume anamtafuta Nadia miaka nenda rudi, anamwoa, mke anauawa, kisha kanisani anakaa na Shannon aliyemjua majuma machache tu kisiwani! Mimi hadi leo naona hapo waandishi waliteleza.

Kisha dereva akaleta hoja ambayo hata mimi niliiona nzito. Aaron, mtoto aliyezaliwa kisiwani, alitolewa huko na akakua. Tulimwona ana miaka mitatu, anatembea na kuongea. Iweje kanisani awe tena kichanga mikononi mwa Claire? “Hiyo ni kosa,” alisema. “Kama kila mtu alikufa kwa wakati wake, Aaron alipaswa kuja mtu mzima.”

Mama mmoja aliyekuwa amepakia mchele wa Kahama, ambaye hakuwa amesema neno tangu jioni, alijibu kutoka kwenye mkeka.

“Si kosa, kaka. Mimi nina mtoto nilimzaa Lukole, nikamzika Lukole. Alikuwa na miezi minne. Akinijia na ndevu nitamjuaje?”

Dereva alizima sigara. Baadaye alisema taratibu, “Samahani, mama,” naye akajibu kwamba hakuna kosa. Akaongeza kuwa kinachomsumbua ni jambo jingine. Mle kanisani wako waliokuwa pamoja kisiwani. Ndugu wengi wa nyumbani hawamo. Yeye amerudi kwenye kilima cha wazazi wake tangu 2007, na majirani bado wanamwita mtu wa Tanzania. Je, siku ikifika atakutana na watu wa kilimani au watu wa kambini? Alinitazama mimi, mwenye diski.

Nilisema tamthilia ni ya Wamarekani. Lilikuwa jibu la kijinga, na alilipuuza kama lilivyostahili.

Karatasi zilitoka saa nne asubuhi. Kabla hajapanda gari aliniomba diski ya mwisho. Si zote, ile tu yenye kanisa, apate kuhesabu vizuri waliomo. Nilimpa. Hajairudisha, nami nimekwisha pishana naye Kobero mara tatu au nne, tukasalimiana, tukaulizana bei ya mchele.