Yai la Maji Moto Katika Baridi ya Gehandu

Maji yanayochemka Gehandu hayana joto la maji yanayochemka Tanga. Kata hii iko kwenye nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako sehemu kubwa ya ardhi ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo hutokota mapema. Pwani hutokota yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Penye mwinuko wa mita 1,700 ni nyuzi 94 na ushei. Atakayeinjika sufuria kwenye kilele cha Mlima Hanang, mita 3,400 na kitu, hatavuka nyuzi 89. Kuchochea kuni hakusaidii. Moto ukizidi, kinachoongezeka ni mvuke.

Mama anayepika makande huko anaijua hasara ya mwinuko, maana maharage hukawia kuiva na kuni huteketea. Yai la kuchemsha na ganda lake nalo hukawia. Lakini kuna pishi moja la asubuhi ambalo mwinuko huo hulifaa badala ya kuliharibu: yai linalopasuliwa na kuachwa liive ndani ya maji, bila ganda na bila tone la mafuta. Hoteli za watalii za Karatu na Ngorongoro huliandaa kila siku kwa wageni. Majumbani ni nadra kuliona. Yai kwetu hukaangwa, au huchemshwa na kuuzwa kituo cha basi kwa chumvi na kachumbari. Nadhani tumelipa pishi hili heshima ya kihoteli lisiyoistahili. Linahitaji sufuria, kikombe, kichungio cha chai na mtu asiyeshika simu kwa dakika tano.

Ugumu wake wote unatokana na jambo moja. Ute wa yai na kiini haviivi kwenye joto moja, na mpangilio wake ni kinyume na tunavyotaka. Ute huanza kuganda penye nyuzi 61 au 62, lakini hapo bado ni telezi, kwa sababu protini iliyo nyingi kuliko zote ndani yake, albumini, haikazi mpaka joto lifike nyuzi 80 hivi. Kiini kwa upande wake huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65, na kikifika 70 kimeshakaza. Yaani kama yai zima lingepata joto sawa kwa wakati mmoja, kiini kingekauka ute ukiwa bado unateleza. Kinachotuokoa ni kwamba joto huingia kutoka nje. Ute uko nje, unakutana na maji kwanza. Kiini kiko ndani, kinapata joto kwa kuchelewa. Pishi lote linafanyika katika mwanya huo mfupi, baada ya ute kukaza na kabla ya kiini kufikiwa.

Sasa tazama kinachotokea maji yanapotokota kwa nguvu. Mapovu makubwa yanapanda, yanagongana, yanauchana ute kabla haujashikana, na unabaki na sufuria ya nyuzinyuzi nyeupe. Tunachotaka ni maji ya moto yaliyotulia, kati ya nyuzi 80 na 90. Mpishi wa Dar es Salaam inambidi ayapoze maji yake kwa nyuzi kumi au zaidi kabla ya kupasua yai. Wa Gehandu anaanzia karibu 94. Akiipua sufuria motoni na kusubiri mapovu yatulie, tayari amefika, na kwa ubaridi wa Juni na Julai huko hata kusubiri kwenyewe ni kufupi.

Kipimajoto si lazima. Sikiliza sufuria: maji yanapokaribia kutokota huanza kuvuma, kwa sababu mapovu ya mvuke yanayozaliwa chini hukutana na maji ya juu ambayo bado hayajapata moto wa kutosha, yakapasuka humohumo. Mvumo hupanda, kisha maji yakitokota kikamilifu hugeuka kuwa mbubujiko mzito zaidi. Ukishausikia mgeuko huo, ipua. Kwenye jiko la mkaa au la gesi mambo ni rahisi. Kwenye mafiga, vuta kuni nje na usogeze sufuria pembeni ya moto.

Wingi wa maji nao ni hesabu, na hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Yai lililolala kwenye nyumba ya baridi linaingia likiwa na nyuzi kumi na kitu tu. Mayai matatu ndani ya nusu lita yanaweza kuyashusha maji kwa nyuzi kumi hivi, halafu maji yanaendelea kupoa. Ute hauivi. Tumia lita moja na nusu kwa mayai mawili, kina cha vidole vinne, na ufunike.

Kuhusu yai lenyewe, mwanakijiji yuko mbele ya mtu wa mjini. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na tangu yai litagwe hewa ya kaboni iliyo ndani hutoka kupitia humo. Kadiri inavyotoka, ute hupoteza uzito wake na kuwa majimaji. Yai la leo likipasuliwa hukaa limejikusanya, kiini kimeinuka, ute mzito umekizunguka. Yai la wiki mbili lililopitia trei, pikipiki na jua la gulioni hutawanyika. Ukitaka kulijua, litumbukize kwenye bakuli la maji baridi. Jipya hulala chini kwa ubavu, la siku nyingi husimama, lililozeeka huelea kwa sababu ya hewa iliyojaa upande wake butu.

Ila kijijini kuna jambo jingine la kuangalia. Penye jogoo, mayai mengi yana mbegu, na kuku wa kienyeji hutaga vichakani akaatamia siku kadhaa kabla hajagunduliwa. Ndiyo maana yai lipasuliwe kwenye kikombe kwanza, moja moja. Yai viza halitavumilika ndani ya sufuria, na lenye mishipa ya damu ni afadhali ulione ukiwa bado na nafasi ya kulitoa. Kinyesi kikiwa kimegandia kwenye ganda, lioshe wakati huo unapotaka kulipasua, si siku ya kulihifadhi, maana kuosha huondoa utando unaoziba vile vitundu. Mikono nayo ioshwe baada ya kushika maganda.

Kutoka kikombeni, lipitishe kwenye kichungio cha chai. Ute mwepesi utachuruzika, mzito utabaki na kiini. Ushauri wa kuuondoa ute mwepesi uliwahi kutolewa na Mmarekani Harold McGee, mwandishi wa sayansi ya jikoni, na kwangu unashinda ule mtindo wa kukoroga maji mpaka yafanye kimbunga. Kimbunga kinapendeza kwenye video, lakini kinabeba yai moja tu kwa zamu. Sogeza kichungio mpaka kiguse maji, kipindue polepole, funika.

Siki au ndimu? Kijiko kimoja cha chai kwa lita husaidia, kwa sababu uchachu hupunguza msukumano kati ya protini, zikashikana haraka. Yai likiwa la leo, halihitaji. Magadi hufanya kinyume, kwa hiyo sufuria iliyotoka kupikia maharage kwa magadi isuguliwe vizuri.

Kisha ukae, uliangalie yai kwa umakini. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kutuliza akili kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo, na mojawapo ya mazoezi yake mashuhuri ni kula zabibu kavu moja kwa uangalifu wote: kuitazama, kuinusa, kuitafuna bila haraka. Leo fikra hiyo inauzwa kwa programu za simu zenye malipo ya mwezi. Sina ugomvi nayo, ingawa mzazi mwenye watoto wa kupeleka shule na ndoo za kujaza ana haki ya kucheka. Asipate shida, pishi hili lingoje Jumamosi. Faida yake ni kwamba umakini unaodaiwa hapa una kazi. Kwa yai dogo la kienyeji ni dakika nne, pengine tano, lakini muda huo unabadilika kwa mwinuko, unene wa sufuria na baridi ya asubuhi, hivyo saa haitakuambia. Liinue kwa kijiko chenye matundu, ubonyeze ute kwa ncha ya kidole. Ukiwa unatikisika kama maziwa mgando, lirudishe. Ukikaza pembeni na katikati kukabonyea, limeiva.

Kiini kilichobaki majimaji hakifai kwa kila mtu. Bakteria wa salmonela wanaweza kuwamo ndani ya yai lisiloonyesha dalili yoyote, na joto lililokikuta kiini laini halitoshi kuwamaliza. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye kinga hafifu wapikiwe mpaka kiini kikaze kabisa, dakika mbili au tatu za ziada, sufuria ikiwa imerudishwa kwenye moto mdogo.

Hanang ni nchi ya ngano, kwa hiyo chapati ya jana iliyopashwa kwenye kikaango kikavu ndiyo ninayoipendekeza chini ya yai. Mnafu uliochemshwa unafaa vilevile. Chumvi iwekwe mezani. Na maganda usiyatupe: kila yai hudai karibu gramu 2 za kalsiamu mwilini mwa kuku, na ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Yakaushe motoni, yaponde hadi yawe unga, changanya na pumba. Usimpe kuku vipande vikubwa anavyoweza kuvitambua, asije akajifunza kudonoa mayai yake mwenyewe kwenye kiota.